Mkuki wa Julius Yego: Habari Nusu na Habari Kamili

Mwezi huu sitaanza na mbolea wala mbegu. Nitaanza na mkuki. Si mkuki wa vita, wala si wa kuwindia. Ni mkuki wa michezo. Lakini usiliweke gazeti chini. Habari hii itafika mpaka shambani kwako.

Majuzi nilikwenda kijiji kimoja kukagua mashamba ya mahindi. Nilimkuta mzee mmoja amekaa nje ya nyumba yake, amekunja uso. Pembeni alisimama kijana wake, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mkononi alishika fimbo ndefu iliyochongwa ncha.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, Bwana Shamba. Afadhali umekuja. Hebu zungumza na huyu mwanangu. Anataka kuacha shule."

Kijana akaniamkia, kisha akaeleza shauri lake.

"Bwana Shamba, yuko mtu Kenya anaitwa Julius Yego. Alijifundisha mwenyewe kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti. Hakuwa na mwalimu. Akawa bingwa wa dunia. Mimi nami natazama video kwenye simu, na kila siku narusha fimbo hii. Sasa shule ya nini?"

"Unarusha umbali gani?" nilimwuliza.

"Kama mita mia hivi."

Nilitoa kamba yangu ya kupandia. Kamba hiyo ina mafundo, na kutoka fundo hadi fundo ni sentimita 75. Tuliwaondoa watoto na mbuzi uwanjani, kijana akarusha. Fimbo ilikwenda vizuri, ikatua. Tukapima kwa kamba. Tulihesabu nafasi 45. Ukizidisha 45 kwa sentimita 75, unapata mita 33 na sentimita 75.

Kijana alinyamaza. Mzee akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kijana alikuwa amesema jambo la kweli. Ila alikuwa na nusu ya habari. Nilikaa nao, nikawaeleza nusu iliyobaki. Leo nakueleza na wewe.

MTOTO WA NANDI

Julius Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika kijiji cha Cheptonon, Nandi, nchini Kenya. Nandi ni nchi ya wakimbiaji. Kipchoge Keino, aliyepata medali za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 na ya mwaka 1972, alizaliwa huko. Mtoto wa Nandi akipenda riadha, watu hutazamia kwamba atakimbia.

Yego hakuvutwa na mbio. Alivutwa na mkuki. Alipokuwa mdogo alichonga mikuki yake kwa matawi ya miti. Alipokuwa shule ya sekondari alishiriki mashindano ya kurusha mkuki. Kwa hiyo sikiliza vizuri hapa: Yego alianza mchezo huu akiwa mwanafunzi. Hakuacha shule ili arushe mkuki.

Shida yake ilikuwa moja. Kenya ilikuwa na makocha wengi wa mbio. Makocha wa mkuki walikuwa adimu. Ni kama kijiji cha wakulima wa mahindi watupu, kisha kijana mmoja anataka kulima zabibu. Amwulize nani?

ALIVYOJIFUNZA KWA MACHO

Yego aligeukia intaneti. Huko kuna mahali panaitwa YouTube, ambapo watu huweka video. Yego alitazama video za warushaji wakubwa. Mmoja ni Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki, ambaye mwaka 1996 alirusha mkuki mita 98 na sentimita 48, rekodi ya dunia. Mwingine ni Andreas Thorkildsen wa Norwei, bingwa wa Olimpiki.

Wewe na mimi tukitazama video kama hizo tutasema, "Yule bwana ana mkono wenye nguvu." Kisha tutazima simu. Yego hakutazama hivyo. Alitazama miguu inavyokwenda. Alitazama kiuno kinavyogeuka. Alitazama pembe ya mkuki unapoachiwa. Kisha alikwenda uwanjani kujaribu. Akarudi kutazama tena.

Maana nguvu ya mkuki haitoki mkononi peke yake. Mrushaji hukimbia kwanza, apate kasi. Mwishoni hupiga hatua za kupishanisha miguu, mwili umegeukia upande. Kisha hukaza mguu wa mbele chini, ghafla. Miguu inasimama, lakini kiwiliwili bado kina kasi. Kasi hiyo hupanda kiunoni, begani, mkononi, mpaka kwenye mkuki.

Umewahi kuona baiskeli iliyobeba mzigo uliofungwa vibaya? Gurudumu la mbele likigonga jiwe, baiskeli husimama. Mzigo hausimami. Huruka mbele. Mguu wa mbele wa mrushaji ni lile jiwe. Mkuki ni ule mzigo.

Yego alikuwa na kasi nyingi hata mara kwa mara alianguka kifudifudi baada ya kurusha. Watazamaji walipenda kuona hivyo. Lakini hata kuanguka kuna sheria. Mbele ya mrushaji kuna mstari. Akiugusa au akiuvuka, mrusho wake haupimwi, hata kama mkuki umekwenda mbali sana. Pia ncha ya mkuki lazima iguse ardhi kwanza.

Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800. Ni pungufu ya kilo moja ya sukari kwa gramu 200. Urefu wake ni kati ya mita 2 na sentimita 60 na mita 2 na sentimita 70. Wasichana nao wanarusha. Mkuki wa wanawake ni gramu 600.

Mwaka 2011 Yego alikwenda Maputo, Msumbiji, kwenye Michezo ya Afrika. Alirusha mita 78 na sentimita 34. Alipata medali ya dhahabu na kuweka rekodi ya Kenya.

Hapo ndipo inapoishia nusu ya habari aliyokuwa nayo kijana wetu.

ALIPOPATA MWALIMU

Sasa tusome nusu ya pili.

Baada ya ushindi wa Maputo, shirikisho la riadha la dunia lilimpa Yego nafasi ya mafunzo. Alipelekwa Ufini, nchi ya baridi kali na theluji, kaskazini mwa Ulaya. Kwa watu wa Ufini mkuki ni mchezo wa taifa, kama mbio zilivyo Kenya. Alifundishwa mahali panapoitwa Kuortane, na kocha Petteri Piironen.

Angalia jambo hili. Yego alikuwa tayari bingwa wa Afrika nzima. Angeweza kusema, "Mimi nilijifundisha mwenyewe, hamna la kunifunza." Hakusema hivyo. Alipopata nafasi ya kuwa na mwalimu, aliishika.

Mwalimu humsaidia nini mtu aliyekwisha kutazama video nyingi? Video inakuonyesha mwenzako. Haikuonyeshi wewe. Mwalimu anakutazama wewe. Anakwambia, "Mguu wako umechelewa. Bega lako limefunguka mapema." Makosa yako mwenyewe ni kama kisogo chako. Huwezi kukiona bila msaada.

Tuone vipimo vyake baada ya hapo. Visome taratibu, ndugu msomaji, mwaka kwa mwaka.

Mwaka 2012, Olimpiki ya London, Uingereza: mita 81 na sentimita 81 katika mchujo. Ilikuwa rekodi mpya ya Kenya. Alifika fainali.

Mwaka 2013, Mashindano ya Dunia ya Moscow, Urusi: mita 85 na sentimita 40. Alikuwa wa 4. Medali ya shaba ilimpita kwa sentimita 83 tu. Hiyo ni zaidi kidogo ya nafasi ya mstari mmoja wa mahindi.

Mwaka 2014, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow, Uskoti: mita 83 na sentimita 87. Medali ya dhahabu.

Umeona? Mwaka 2014 alirusha mbali kidogo kuliko mwaka 2012, lakini karibu kuliko mwaka 2013. Hata hivyo alishinda. Vipimo havipandi kila siku. Mkulima analijua hili. Kuna mwaka wa mvua na mwaka wa jua. Kinachotakiwa ni kuendelea kupima.

MRUSHO WA BEIJING

Mwezi Agosti mwaka 2015 Mashindano ya Dunia yalifanyika Beijing, China. Yego aliingia fainali pamoja na mabingwa wa nchi zenye makocha wa mkuki tangu zamani.

Katika mrusho wa tatu alikimbia, akakaza mguu, akaachia, akaanguka kifudifudi. Mkuki ulikwenda, ukazidi kwenda. Wapimaji walisoma mita 92 na sentimita 72.

Ilikuwa rekodi ya Afrika. Yego akawa bingwa wa dunia, na Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia katika mchezo usio wa mbio. Wa pili alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa mita 88 na sentimita 99. Kwa hiyo Waafrika wawili walikuwa wa kwanza na wa pili, katika mchezo ambao watu wengi walidhani ni wa Ulaya.

Mita 92 na sentimita 72 ni umbali gani? Ukipanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, umbali huo unaingia mistari 124. Simama kwenye mstari wa kwanza wa shamba lako. Hesabu mistari 124 mbele yako. Huko ndiko mkuki wa Yego ulikotua.

Kutoka Maputo mpaka Beijing ni miaka minne. Katika miaka hiyo Yego aliongeza mita 14 na sentimita 38. Hakuziongeza kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

ALIPOUMIA

Kijana wetu hakuwa amesikia habari za baada ya Beijing. Watu hupenda kusimulia siku ya ushindi, kisha hufunga kitabu. Lakini maisha ya mwanamichezo yanaendelea.

Mwaka 2016 Yego alikwenda Olimpiki ya Rio, nchini Brazili. Mrusho wake wa kwanza katika fainali ulikwenda mita 88 na sentimita 24. Aliongoza. Kisha aliumia kifundo cha mguu, hakuweza kumaliza mirusho yake yote. Baadaye Thomas Röhler wa Ujerumani alirusha mita 90 na sentimita 30, akachukua dhahabu. Yego alipata medali ya fedha. Ilikuwa medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki kwa mchezo usio wa mbio.

Kumbuka lile jiwe na ile baiskeli. Mguu unaosimamisha kasi yote hiyo hubeba mzigo mkubwa. Miaka iliyofuata majeraha yalimsumbua Yego. Mwaka 2019 aliinuka, akashinda Michezo ya Afrika mjini Rabat, Moroko. Lakini katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, hakufika fainali.

Wapo waliosema, "Yego kwisha."

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mwaka 2022 alikwenda Birmingham, Uingereza, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alirusha mita 85 na sentimita 70, akapata medali ya shaba. Mwaka 2024 alikuwa bingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 35, alikwenda Olimpiki ya Paris, Ufaransa. Alirusha mita 87 na sentimita 72, akawa wa 5.

Medali ya shaba ilimpita kwa sentimita 82. Miaka 11 kabla, huko Moscow, ilimpita kwa sentimita 83. Lakini mtu wa miaka 35, aliyeumia na kupona, alirusha mbali kuliko yule kijana wa miaka 24 wa Moscow. Mbali zaidi kwa mita 2 na sentimita 32. Hayo ni matunda ya kujifunza bila kuchoka.

Jambo la mwisho. Miaka hii yote Yego alikuwa na kazi. Ni askari polisi wa Kenya. Hakuweka chakula chake chote kwenye ncha ya mkuki.

MZEE ALIVYOSEMA

Nilipomaliza, kijana alikaa kimya akichora chini kwa fimbo yake. Nilidhani baba yake ataanza kumgombeza. Mzee hakumgombeza. Alisema hivi:

"Mwanangu, mimi herufi nilianza kuziona tangu nikiwa mtoto. Niliziona dukani. Niliziona kwenye magunia ya mbolea. Miaka mingi niliziangalia tu, kama wewe na hiyo simu yako. Nikaingia darasa la kisomo nikiwa na miaka 50. Mwalimu akanishika mkono, akaniambia, hii ni 'a', na hapa umeikosea. Ndipo nikasoma. Macho yalinisaidia kutamani kusoma. Mwalimu alinisaidia kusoma."

Mimi sikuwa na la kuongeza.

Tukapanga shauri watu watatu. Kijana atabaki shuleni. Jumamosi na jioni, baada ya kazi za nyumbani, atafanya mazoezi. Atamwomba mwalimu wa michezo amtazame. Hatarusha fimbo yenye ncha mahali penye watu au mifugo, maana fimbo ikishatoka mkononi haisikii mtu akiitwa jina. Hatakwenda kuichukua mpaka wote wamesimama na mwenzake ameacha kurusha. Akiumia bega au kiwiko, atapumzika.

Kisha mzee aliingia ndani, akatoka na daftari lake la kisomo. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, pole pole: tarehe, na chini yake, mita 33 na sentimita 75.

"Sijui kama mkuki utamlisha," aliniambia wakati ananisindikiza. "Lakini sasa tunajua anarusha mita ngapi."

NA SHAMBANI?

Ndugu msomaji, njiani nilifikiri juu ya maneno ya mzee yule. Mara ngapi nimemwuliza mkulima, "Mwaka jana ulipata magunia mangapi kwa ekari?" Akanijibu, "Mengi tu, namshukuru Mungu." Huyo ni sawa na kijana aliyesema mita mia. Hasemi uongo. Hajapima tu.

Usipopima, hujui kama umepanda au umeshuka. Huwezi kujua kama mbegu mpya ni bora kuliko ya zamani, au kama mbolea imerudisha fedha yako.

Basi tafuta daftari. Andika mambo matatu: siku uliyopanda, nafasi uliyotumia, na magunia uliyopata. Mwaka ujao andika tena, ulinganishe. Ukiona shamba zuri la jirani, usiseme tu, "Yule ana bahati." Tazama kama Yego alivyotazama miguu ya Železný. Tazama nafasi zake, palizi yake, na siku aliyopanda. Kisha mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba akutazame wewe ukiwa shambani mwako. Atakuonyesha kisogo chako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kijana alijua nusu gani ya habari ya Julius Yego? Nusu gani hakuijua?

2. Kwa nini Yego alikubali kufundishwa ingawa alikuwa tayari ameshinda Afrika?

3. Mzee alisema macho na mwalimu vilimsaidia kwa njia mbili tofauti. Ni zipi? Je, kwako ilikuwaje?

4. Chukueni kamba, mpime sentimita 75, mfunge mafundo. Kisha mpime urefu wa uwanja wa kijiji. Je, mkuki wa Beijing ungetua ndani ya uwanja wenu au nje?

5. Shamba lako lilitoa magunia mangapi kwa ekari mwaka jana? Kama hujui, utaanza lini kuandika?